Mrejesho wa Miguuni

Bi. Mwanahawa Chaurembo alikuja nayo kwenye mkokoteni wa kukodi,
amplifaya ya marehemu mumewe, kaifunika kanga,
kutoka Buguruni hadi Gerezani, mlango wa tatu
baada ya wauza mabomba, palipoandikwa kwa chaki MAMA SOLDA.
"Inapiga mluzi," akasema. "Hata isipoimba inapiga mluzi.
Paka amehama."

Nikaifungua. Valvu nne, mbili ndogo, mbili nene,
vumbi la miaka, chumvi ya pwani imekula soketi.
Nikasubiri kwanza. Kapasita kubwa hukaa na umeme
kama mtu anavyokaa na kinyongo:
umezima swichi, umechomoa waya, bado inakudai.
Nikaigusisha risista mpaka ikaachia.

Kisha nikauona. Waya mwekundu, mrefu,
fundi fulani aliuvuta kutoka kwenye spika, mwisho kabisa,
akaupitisha kando ya transfoma, chini ya valvu zote,
hadi miguuni pa ile ya kwanza.
Wazo lake si baya. Alitaka mwisho umwambie mwanzo:
hapa umezidisha, hapo umepinda.
Vitabuni ndivyo inavyochorwa, mshale mmoja mzuri unaorudi.

Lakini transfoma hii ilisukwa upya na mtu mwenye haraka.
Habari inaingia humo, inazunguka, inachelewa,
na ikifika kule mbele kosa limeshageuza uso.
Onyo la jana likifika leo si onyo tena, ni kuni.
Ndipo mluzi unapozaliwa.

Naujua mwendo huo. Mtaani kwetu mtaro uliziba masika.
Mjumbe akaandika, mtendaji akagonga muhuri,
kikao kikaahidi mrejesho.
Mrejesho ulikuja Septemba, jua la utosi, vumbi:
magari mawili ya kunyonya maji.

Nikaukata waya mwekundu. Mluzi ukafa palepale,
ila sauti ikawa kali, kila valvu inapayuka kwa raha yake.
Basi nikaanza na moja moja.

Kwenye kathodi ya ile ndogo palikuwa na kapasita
inayoibembeleza, inayomeza kila mtikisiko
ili valvu isijue uzito wa mzigo wake.
Nikaing'oa. Ikabaki risista tupu,
na valvu kama mtu aliyevuliwa viatu:
ikikanyaga kwa nguvu inaumia yenyewe, papo hapo,
inapunguza hatua kabla jirani hajasikia.
Nyani haoni kundule.
Hii nimeilazimisha ione.

Zile nene nikazipa njia fupi,
risista na kapasita ndogo, kutoka anodi
kurudi kwenye gridi yake yenyewe,
urefu wa kidole changu cha shahada.

Si bure. Nguvu ilipungua karibu nusu,
na zile ndogo sasa zinasukuma kwa jasho.
Nikamweleza Bi. Mwanahawa: haitatikisa tena mabati ya jirani.
Akacheka. "Marehemu ndiye aliyependa kutikisa.
Mimi nilikuwa naziba masikio jikoni."

Tukaweka santuri. Umeme ukatuvumilia.
Nilimsikia mpiga gitaa akihamisha vidole,
mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno,
na vikombe vya kahawa vikigongana,
nisijue ni ndani ya santuri
au ni yule kijana wa kahawa anapita mlangoni.
Bi. Mwanahawa hakusema kitu.
Alikuwa ameshika ncha ya kanga, anaikunja, anaikunjua.

Alipouliza bei nikataja elfu themanini.
Neno lilikuwa halijafika kwake,
nimeshalisikia mimi.
"Hapana," nikasema. "Hamsini."